Mzee wa Bipsi Anajibu: Kocha Katoka, Beki wa Kushoto Yuko Wapi?

Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilikuwa mtunza vifaa wa timu moja ya ligi kwa misimu 11. Jina la timu silitaji. Wao wanasema niliondoka na mipira yao miwili, mimi nasema waliniacha na mishahara mitatu hewani, basi tumeamua kunyamaziana. Sikucheza mpira wa maana na sikufundisha. Nilifua bipsi, zile fulana za mazoezi za kutenganisha timu, nilipanga koni, nilijaza mipira upepo, na siku ya mechi nilikaa mwisho wa benchi na ndoo ya maji. Katika misimu hiyo niliwapokea makocha sita na kuwasindikiza sita. Mwezi huu karibu barua zote ni za makocha, kwa hiyo wale wa viatu vinavyobana na mipira inayovuja mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Bipsi. Mimi ni Simba wa damu, nina kibanda cha vocha na kuchaji simu Tandika. Meza ya pili ni ya shemeji yangu, kamuoa dada yangu, naye ni Yanga. Kila asubuhi kabla hata hatujafungua ananiambia, "Klabu yenu haina malengo, mnafukuza makocha kama mnafukuza kuku shambani." Nikimjibu kwamba na wao wanafukuza, anacheka na kunionyesha picha ya kombe kwenye simu. Juzi tumetukanana hadi dada akaja kutuamua. Nani mkweli kati yetu? — *Mnyama wa Tandika*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji amekushika pabaya kwa sababu wewe unahesabu makocha na yeye anahesabu makombe.

Kwa makocha hakuna wa kumcheka mwenzake. Kwenu, tangu Sven Vandenbroeck aondoke Januari 2021, wamepita Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha, Fadlu Davids, kisha Pantev ambaye 2025 hakuimaliza, na katikati hapo Juma Mgunda akaitwa mara mbili kuziba pengo. Kwao, kuanzia Novemba 2024 hadi Oktoba 2025 walitoka wanne: Gamondi, Ramović, Hamdi, na Romain Folz ambaye virago vyake vilifungwa siku ileile Yanga ilipolala 1-0 kwa Silver Strikers kule Malawi. Wanne, na mwaka haujatimia. Ukimtajia hayo atanyamaza kidogo, halafu atakuuliza ubingwa wa 2025 umeenda wapi. Hapo ndipo unapokwama kila asubuhi.

Sasa nikupe miezi miwili tu ya historia, ukaiweke mezani. Septemba 2021 Yanga walitolewa hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, wakifungwa 1-0 hapa na 1-0 kule. Kocha alikuwa Nasreddine Nabi, ana miezi mitano tu Jangwani. Mashabiki wao, na shemeji yako nina hakika alikuwemo, walitaka aondoke. Hakuondolewa. Oktoba, Simba mkaifunga Jwaneng Galaxy 2-0 kwao Botswana, mkarudi Uwanja wa Mkapa na matarumbeta, mkapigwa 3-1, jumla ikawa 3-3, mkatolewa kwa sababu wao walikuwa na mabao mengi ya ugenini. Gomes hakuimaliza wiki.

Na Gomes huyo ndiye aliyekuwa benchini Februari ya mwaka huohuo, Al Ahly walipolala 1-0 hapo Mkapa kwa shuti la Luis Miquissone. Ilipofika Agosti, Miquissone akauzwa kwa haohao Al Ahly, na Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Mpishi kachukuliwa kuni na sufuria, halafu wali ulipotoka mbichi kafukuzwa mpishi.

Nabi aliyebakizwa akachukua ubingwa msimu ule bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Oktoba 2022 akatolewa tena Ligi ya Mabingwa, safari hiyo na Al Hilal ya Sudan. Kelele zikaanza upya, kamuulize shemeji kama hakupiga simu redioni. Wakambakiza tena. Akashuka na timu Kombe la Shirikisho, akaifikisha fainali ya 2023, wakalikosa mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini, kitu kilekile kilichowaua ninyi kwa Jwaneng. Kwa hiyo klabu hiyo unayoambiwa ina malengo, malengo yake yalionekana siku mbili: asubuhi ya baada ya Rivers na asubuhi ya baada ya Al Hilal.

Lakini bado hujauliza swali kubwa. Kama kumbakiza kocha ndiyo dawa, mbona 2025 walibadilisha benchi kama daladala inabadilisha makonda na bado kombe likabaki kwao?

Nikuambie nilivyokuwa nasoma timu. Chumbani kwetu kila mchezaji alikuwa na msumari wake ukutani. Juu ya msumari nilibandika plasta nyeupe, ile ya kufungia vifundo vya miguu, nikaandika jina kwa kalamu nene. Kocha naye alikuwa na wake, karibu na mlango, wa kuning'iniza filimbi na kofia. Dirisha la usajili likifungwa, mimi nilijua msimu utakavyokuwa kabla ya kocha kujua, kwa kuhesabu plasta nilizobandua. Nikibandua nne tano, tulikuwa salama. Msimu mmoja nilibandua 14. Rangi ya ukuta ilitoka pamoja nazo, yakabaki mabaka kama ukuta una upele. Tulinusurika kushuka daraja kwa tofauti ya mabao.

Ukuta wa Yanga sasa. Mwamnyeto alikuja 2020. Job, Januari 2021. Diarra yupo golini tangu katikati ya mwaka huo. Bacca katoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Plasta hizo nne Nabi alikuwa nazo, Gamondi akazikuta, Ramović akazikuta, Hamdi akazikuta. Kipa anajua beki wake anageukia upande gani akiwa na presha bila kuambiwa na mtu. Benchi likibadilika, hao wanaendelea na mazungumzo yao walipoyaishia. Shemeji yako anadhani kombe la 2025 ni ushahidi kwamba kufukuza kunalipa. Mimi naona waliishi kwa akiba aliyoiacha Nabi, na akiba huisha. Mwambie hivyo halafu mwangalie usoni.

Na la kwenu usilione dogo. Miaka yote wanawaita mwakarobo, na kweli mlikuwa mwakarobo: robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, 2021, 2023 na 2024, na ya Shirikisho 2022. Kocha tofauti kila mara, mnakwama palepale. Fadlu alipopewa msimu mzima, na wengi wa wachezaji aliowaanza kambini akamaliza nao, mliwatoa Al Masry kwa penalti, mkawatoa Stellenbosch, mkacheza fainali ya Shirikisho Mei 2025. Mlipoteza, 2-0 kule Berkane na sare ya 1-1 Amaan, Zanzibar. Lakini lile neno mwakarobo shemeji kalificha wapi siku hizi? Septemba tu, Fadlu huyo kasaini Raja Casablanca. Plasta ya kocha ikabanduka tena.

Kesho asubuhi usimtajie makocha kabisa. Muulize ni wachezaji wangapi wa Yanga wa leo watakuwepo baada ya madirisha mawili. Na wewe jiulize hivyohivyo kwa Simba kabla hajakurudishia. Dada yako msalimie, mwambie meza zenu azitenganishe kidogo.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na ni Mwananchi, yaani Yanga, tangu tumboni. Wanaume hapa sokoni wananiambia mwanamke hajui mpira, lakini hakuna anayenijibu hili: Gamondi alitupa zile tano dhidi ya Simba, akatupa ligi na kombe la shirikisho la hapa nyumbani, akatufikisha robo fainali Afrika. Amefungwa mechi mbili tu akaondolewa. Hayo ni malengo makubwa au ni kukosa shukrani? — *Mama Dagaa*

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hao wanaume wanakwepa swali kwa sababu jibu lake linauma pande zote.

Zile tano nilizitazamia kijiwe cha kahawa, Temeke Mikoroshini, Novemba 5, 2023. Ilipofika bao la tano, mzee mmoja wa Simba aliyekuwa ameketi mbele yangu alikigeuza kikombe chake kifudifudi juu ya ubao, akavaa ndala zake taratibu, akaondoka bila kulipa. Muuza kahawa, naye Simba, hakumdai. Robertinho hakuvuka siku mbili tatu. Sasa fikiria: dakika 90 zilezile zilimfukuzisha kocha mmoja na kumfanya mwingine mfalme, na mwaka mmoja baadaye mfalme naye yupo uwanja wa ndege na begi.

Gamondi aliirudisha Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 25. Robo fainali akawabana Mamelodi Sundowns 0-0 hapa na 0-0 Pretoria, tukalala kwa penalti 3-2, na lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda ndani, kila mtu Tanzania ana kipimo chake cha sentimita lilizovuka. (Nimeandika "tukalala". Nilipokuwa naangalia Afrika, wote ni wetu. Msinitafute.) Kisha Novemba 2024 akafungwa 1-0 na Azam, siku chache baadaye 3-1 na Tabora United, na taarifa ikatoka.

Zipo sababu ambazo sisi wa nje hatuzioni, na kocha mwenye makombe anaweza kweli kuwa amechoka au amechokwa. Nimeona kocha ambaye wachezaji walikuwa wanamwitikia "ndiyo kocha" huku wamempa mgongo, wanafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Hapo hakuna mkataba unaosaidia. Kwa hiyo kuondoa kocha si dhambi. Ninachokataa ni pale kocha anapolipa deni la kamati.

Nikupe la kwetu. Kocha wetu wa nne alikuwa mgeni, Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: "haraka", "hapana" na "chai". Tangu wiki ya kwanza alikuwa anaomba beki wa kushoto. Tuliyekuwa naye alikuwa kiungo wa kulia, anacheza kule kwa sababu hakuna mwingine, na kila akipata mpira anaurudisha ndani kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Dirisha la kwanza viongozi wakaleta mshambuliaji. Dirisha dogo wakaleta washambuliaji wawili, mmoja wao kaja na begi lenye suruali na pasi ya kunyooshea nguo tu, viatu nikamwazima. Washambuliaji wanapendeza kwenye picha ya utambulisho, dada yangu. Beki wa kushoto ukimtambulisha, mashabiki wanauliza "huyu nani?"

Tukafungwa mabao matatu mechi moja, yote yakitokea upande huohuo. Jumatatu nilikuwa naanika bipsi kwenye majani nyuma ya goli, kocha akaja kwa miguu kutoka barabarani, kavaa shati la kawaida, na kwa miezi saba sikuwahi kumwona bila jezi ya mazoezi. Akaingia chumbani, akaitundika filimbi kwenye msumari wake, akaibandua plasta yenye jina lake mwenyewe, akaikunjakunja kama gololi na kuitia mfukoni. Akanitazama akasema, "Beki. Wa. Kushoto." Kiswahili chake cha mwisho. Taarifa ya klabu ilisema wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Mimi nilikuwepo, upande mmoja ulikuwa unaanika bipsi na mwingine unakunja plasta, sikuona aliyekubaliana na mtu.

Kocha wa tano akafika Alhamisi. Akasimama pembeni dakika 20 akiangalia mazoezi, akaniita: "Mzee, beki wa kushoto yuko wapi?"

Kwa hiyo kabla hujasema viongozi wako hawana shukrani au wana malengo, tazama kocha mpya anasajiliwa nani na ni nani aliyemchagua. Kama orodha ya wachezaji inatoka mahali pamoja na kocha anatoka mahali pengine, hata umlete nani ataondoka tu.

Na jambo moja tunalisahau tukiwa na hasira: makocha nao hutufukuza. Sven aliiacha Simba siku moja tu baada ya kuwachapa FC Platinum 4-0 na kuingia makundi, akaenda FAR Rabat. Ramović wenu alidumu wiki chache, CR Belouizdad ya Algeria wakamwita, akaenda. Fadlu nimeshamtaja. Wote wameelekea kaskazini, kwenye fedha nzito. Tukijiita vigogo wa Afrika tukumbuke kwamba kuna watu wanatuona kama stendi ya kubadilishia basi. Klabu inayotaka kombe la Afrika ianze kwa kumfanya kocha aone hasara kuondoka.

Dagaa mkiwa na wale wakavu wasio na mchanga, nitumie salamu.

SWALI: Mzee, kwema? Mimi ni kocha wa vijana hapa Tanga, nina leseni, nina filimbi, sina timu kubwa. Kwa nini mzawa anaitwa tu nyumba ikiungua? Mgunda wetu kawafanyia Simba nini kibaya? — *Kocha wa Mkwakwani*

JIBU: Kwema, kocha mwenzangu wa koni. Hakuwafanyia kibaya. Septemba 2022 alipookota timu baada ya Zoran kuondoka, aliwafunga Nyasa Big Bullets nje ndani, akaenda Angola akawafunga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, akamalizia 1-0 Dar, Simba ikaingia makundi. Januari akaletewa Robertinho juu yake. Aprili 2024 wakamwita tena kuzima moto, na msimu huo Simba ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao. Mtu akiitwa moto ukiwa umeshafika darini, usimpime kwa vyombo vilivyoungua.

Wazee wa Simba waulize fainali ya kwanza ya Afrika walifikaje. Mwaka 1993, Kombe la CAF, benchini alikuwa Abdallah Kibadeni, yuleyule aliyewapiga Yanga mabao matatu peke yake katika zile 6-0 za 1977. Walipata sare ya 0-0 Abidjan, wakafungwa 2-0 na Stella ya Ivory Coast hapa nyumbani, na kuna watu wazima ambao mpaka leo wakisikia jina Stella wanabadilisha mada. Ilichukua miaka 32 kurudi fainali.

Na hivi karibuni tu, Hemed Suleiman "Morocco" aliipeleka Taifa Stars robo fainali ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025. AFCON ilipofika Desemba, aliyekaa kwenye kiti ni Gamondi. Ndiyo, yuleyule wa Mama Dagaa. Sisemi Gamondi alifanya vibaya, aliivusha Stars makundi kwa mara ya kwanza. Nasema aliyelima na aliyevuna hawakupigwa picha moja.

Sababu ninayoiona mimi wa chumbani ni hii: kocha mgeni akifukuzwa, kiongozi anasema "tulijaribu mtu mkubwa". Mzawa akifukuzwa, kiongozi anaulizwa "ulimtoa wapi huyo?" Mgeni ni kinga ya kiongozi. Wewe endelea kupanda madaraja ya leseni za CAF, maana mechi za Afrika benchi lina masharti yake na hiyo ndiyo sababu ya kwanza wanayoitumia kukukatia. Ukishaipata watatafuta ya pili, lakini angalau watahangaika.

Halafu ninyi Coastal mlikuwa mabingwa 1988. Msije kwangu kama yatima.

SWALI: Hujambo mzee wetu. Niko Mombasa, mimi ni Ingwe, yaani AFC Leopards, na ndugu zangu wote ni K'Ogalo, wale wa Gor Mahia. Nyinyi watu wa Bongo mwalia kwa kubadilisha kocha na kila mwaka mwashinda kitu. Sisi ligi tuliishika mara ya mwisho 1998, makocha wamepita hata majina tumeyasahau. Tumpe kocha miaka kumi kama Ferguson? — *Chui wa Likoni*

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kila anayetaka kumtetea kocha huniletea Ferguson. Ferguson mwachie Manchester, yule alikuwa anachagua mpaka nani apike. Kwenu mna mfano wa karibu zaidi, ingawa utakuchoma: Gor Mahia ya 2015 chini ya Frank Nuttall, ligi nzima bila kufungwa. Nuttall hakukaa miaka kumi, hata miwili mitatu ilimshinda. Ila alikuta kikosi kilichokwisha kuchukua ubingwa misimu miwili mfululizo, na wengi wao walikuwepo bado. Ukuta ulikuwa na plasta za zamani. Ingwe wapeni kwanza mishahara kwa wakati wachezaji nane mnaowapenda, wakae misimu mitatu. Kocha mtaongea baadaye. Na dabi yenu inaitwa ya Mashemeji, kwa hiyo msome barua ya Tandika hapo juu, mna ugonjwa mmoja.

SWALI: Mzee, nimewekeana na rafiki yangu beberu. Yeye anasema kocha wetu hafiki mwisho wa msimu, mimi nasema anafika. Nimefanya vizuri? — *Wa Dodoma*

JIBU: Muuze huyo beberu leo, mgawane.

SWALI: Shikamoo. Kila toleo unazunguka. Leo sema ukweli, wewe Simba au Yanga? — *Wasomaji sita tofauti, kutoka Mbeya hadi Pemba*

JIBU: Marahaba nyote. Marehemu baba alikuwa Yanga, mama alikuwa Simba, siku ya dabi tulikuwa tunakula kwa zamu. Kazini tulikuwa na bipsi seti mbili, nyekundu na kijani, na seti ya tatu nyeupe ya wachezaji wa akiba. Mwaka wangu wa kwanza, sijui kitu, nikaziloweka zote kwenye ndoo moja usiku kucha. Asubuhi zile nyeupe zilitoka rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa siku mbili. Kocha akazinyanyua moja moja, akanusa, akaniuliza kama nimefanya makusudi. Tulizitumia hivyohivyo misimu minne.